Kibali Kisichofungwa

Saa nane mchana mpimaji wa maabara alikuwa akiandika tarehe kwenye chupa za sampuli pale mdogo wake alipoingia, akavua kofia ya kazi na kuketi karibu na dirisha. Alikuwa amekufa wiki sita zilizopita. Nguo zake bado zilikuwa na nta, na dada mtu alikuwa amemtandikia gazeti asichafue kiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo wamekuachia mapema."

"Hawajaniachia. Nimekuja kuulizia kibali."

Kiwanda kile kiliunganisha gesi ya ethilini, kipande kwa kipande, kuwa minyororo mifupi iliyonyooka ya kutengenezea sabuni. Kilichounganisha ni kichocheo, unga kiduchu wa kahawia unaofanya kazi yote na wenyewe usiishe. Minyororo iliyorefuka kupita kiasi iligeuka nta, na nta hiyo ilipoganda tangini, mtu aliingia kuikwangua. Hakuingia hivi hivi: hewa ilipimwa, msimamizi akatia saini kwenye kibali mtu akiingia, akatia nyingine akitoka. Mdogo mtu alisainiwa kuingia tu. Ripoti ya kifo chake ilisema alianguka bafuni, si tangini. Na kwa taratibu za kiwanda, ambaye kibali chake hakijafungwa bado yumo tangini, kwa hiyo kila asubuhi aliripoti kazini na kushuka humo.

Wenzake walishamzoea. Tangu arudi, minyororo ilikuwa ikitoka imenyooka kuliko wakati wowote, na mhandisi alikisifu kichocheo kila kikao, ingawa kilikuwa kilekile cha mwaka jana.

Siku hiyo dada mtu alikichukua kibali, akapanda ghorofani kwa msimamizi.

"Bosi, mfungie mdogo wangu kibali apumzike. Saini moja tu."

Msimamizi hakukasirika. Alivuta droo, akatoa karatasi ya kipimo cha hewa ya siku aliyokufa mdogo wake. Ilisema hewa ni salama. Chini palikuwa na saini ya dada mtu, safi kabisa, ya wino wa buluu. Mwanzoni mwa mwaka alisaini kitabu kizima cha fomu tupu, kama walivyofanya wapimaji wote, ili asisumbuliwe kushuka ngazi kila tangi linapofunguliwa.

"Nikikifunga, lazima niambatishe na hii, nao watauliza nani aliipima hewa," msimamizi alisema kwa upole. "Uamuzi ni wako, mama. Kalamu hii hapa."

Hakuigusa kalamu. Nyumbani walikuwapo wanawe wawili na mjane wa mdogo wake, na wote walimtegemea yeye. Akateremka na kibali kama kilivyokuwa.

"Amesemaje?" mdogo wake aliuliza.

"Amesema kesho."

Alimwamini. Tangu utotoni hakuwahi kulitilia shaka neno la dada yake.

"Basi ngoja niwahi," alisema, akivaa kofia. "Nta haijikwangui."

Dada mtu alijichukia, tena sana, na saa tisa ilipofika akaenda kuchukua sampuli. Minyororo ilikuwa imenyooka, haina tawi hata moja. Akaandika hivyo kwenye fomu, akatia saini. Kisha akalikunja gazeti lenye nta na kutandika jingine safi kwenye kiti, la kesho.