Koki ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Fundi bomba hachakai kwa mpigo. Magoti hutangulia, kwa kupigwa chini ya masinki ya watu bila kusali hata sala moja. Mgongo hufuata. Mwisho ni viganja, vinavyogoma kufunga ngumi asubuhi mpaka vipate chai ya moto. Thadei Kapinga wa Mbinga mjini alikuwa na miaka hamsini na mbili, na vyote vitatu vilikwisha kustaafu kabla yake.

Wiki ile alikuwa amebadilisha washa, zile raba za kuzuia maji, za koki kumi na nne kwenye nyumba za watumishi, amefumua shawa mbili za gesti, na kila jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Zita, mkewe, alikuwa kwao Ngumbo, kule chini ziwani, tangu baada ya Pasaka. Sasa miezi ilikuwa imepita, na kahawa ilikuwa imeshaanikwa.

Zita hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliondoka kwa sababu ya neno moja. Jioni ile Thadei alikuwa anakula, macho kwenye sahani, mabega yamemlegea kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Mama anaumwa mguu," alisema Zita.

"Eeh."

"Yule nguruwe amekufa."

"Eeh."

"Kesho naenda kwetu, na sijui kama nitarudi."

"Eeh."

Asubuhi Thadei aliamka, akakuta chai ipo na mke hayupo. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakamwonea huruma.

Alimtuma mshenga wake wa zamani, mzee Aidan, aliyempelekea posa miaka ishirini na nne iliyopita. Mzee Aidan alishuka Ngumbo mara mbili, na mara zote mbili alirudi na usipa, dagaa wa ziwani, wamekauka kwenye mfuko, bila jibu.

"Anasema hana ugomvi na wewe," mzee aliripoti. "Anasema tu kwamba akitaka kuongea na ukuta, hata Ngumbo kuta zipo."

"Nenda mara ya tatu, mzee wangu."

"Mwanangu, Mungu alinipa miguu miwili, na yote miwili nimeshaitumia kwenye shauri lako."

Kwa hiyo simu ilipoita Jumanne, ikiwa ni sauti ya jirani wa Ngumbo akisema kwamba mama mkwe Hedwiga ameagiza mkwe wake aje, shawa inavuja na tangi linakauka, Thadei alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi iliyobaki. Akishuka na kurudi peke yake, basi imekwisha. Usiku alitafuta maneno. Yeye si mtu wa maneno, akapata matatu: "Zita, turudi nyumbani." Alfajiri akapanda pikipiki ya kukodi na mkoba wake wa spana, akawa anayarudia njiani. Mpaka anaipita Liuli, vumbi lilikuwa limemjaa kinywani, na maneno yenyewe yalikuwa yamebaki mawili na nusu.

Alimkuta Mama Hedwiga ameketi barazani kwenye mkeka, khanga imevutwa mpaka kwenye paji la uso, mgongo umeelekezwa kwa mgeni kama inavyotakiwa. Thadei alichuchumaa mbali, karibu na mpera. Magoti yalilia.

"Shikamoo, mama."

"Mwambie mkwe marahaba," Mama Hedwiga aliuambia mkeka. "Muulize habari za mlimani."

Zita alikuwa amesimama katikati yao, amekonda kidogo, mikono kifuani. "Anasema marahaba. Anauliza habari za mlimani."

Thadei alikuwa amesikia yote, hakuwa kiziwi. Lakini mila ni mila. "Mwambie nzuri. Na wewe, Zita, hujambo?"

"Sijambo."

Basi, salamu zikaishia hapo. Thadei alishika mkoba. "Bafu ni lile lile la mabati kule nyuma?"

"Lile kaka Daniel alilibomoa Krismasi," alisema Zita. Daniel ni kaka yake, anafanya kazi Songea, na kila akija likizo lazima abomoe kitu. "Amemjengea mama bafu la ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwake. Ukitoka kitandani, hatua tatu."

Thadei aliuweka mkoba chini polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani yake.

Mkwe wa kiume hali sahani moja na mama mkwe. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na chumbani kwake hakanyagi, hata nyumba ikishika moto. Atasimama nje na kumwita kwa heshima. Daniel na ramani yake ya kisasa hakulifikiria hilo, na Thadei, kwa uchovu wake, alikuwa amesafiri asubuhi nzima bila kuuliza bafu liko wapi.

"Kwa nini hamkumwita fundi wa Liuli?" alinong'ona. "Yule hana mkwe hapa."

Mama Hedwiga hakuwa na masikio mabovu. "Mwambie mkwe, fundi wa Liuli anaongea sana."

Zita aligeuka akatazama ziwa. Mabega yake yalitikisika kidogo.

Thadei alizunguka nyuma ya nyumba. Tangi la lita elfu lilikuwa juu ya kichanja cha matofali. Alipoligonga lilijibu tupu mpaka karibu na chini. Maji ya mradi hufunguliwa Jumamosi tu, na hii ilikuwa Jumatano. Koki ya tangi aliipaka mafuta, akaibembeleza, akaitukana kimoyomoyo; ilifunga robo tatu ikagoma. Alirudi ameshika kiuno.

"Tangi halifungi lote. Lazima koki ya shawa ibadilishwe washa leo, la sivyo kesho mama hana maji ya kunawa uso. Tumtafute kijana..."

"Nipe mkoba," alisema Zita.

"Wewe?"

"Nina mikono miwili. Wewe kaa nje chini ya dirisha, useme. Nitashika mimi."

Dirisha la bafu lilikuwa juu, la matofali ya matundu. Mtu wa nje haoni kitu, anasikia tu. Thadei aligeuza ndoo, akaikalia, akauegemeza mgongo wake ukutani, uso kaupeleka milimani ili hata matundu yasimtie majaribuni. Ndani alisikia nyayo za Zita, kisha kitanda kikilia: Mama Hedwiga amekuja kusimamia kazi.

"Bandua kifuniko kidogo cha mpini," alisema Thadei. "Chini yake kuna skrubu. Fungua na bisibisi."

"Imetoka. Na mpini umetoka."

"Sasa chukua spana..." Akasita.

Spana aliyoitaka, mafundi wote wanaiita spana malaya, kwa sababu inakubali nati yoyote. Na mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Spana ipi? Ziko nne."

"Ile... inayotanuka."

"Inatanuka vipi?"

"Ile inayopokea nati zote. Kubwa, ndogo, haichagui."

Ikaja sauti ya Mama Hedwiga, taratibu: "Mwambie mkwe asihangaike. Jina lake tunalijua. Marehemu baba yako alikuwa nayo."

"Spana, mama!" Zita alimkatiza.

"Kwani mimi nimesema nini?"

Zita alicheka, kicheko cha mtu aliyejizuia muda mrefu. Thadei kule nje aliona aibu mpaka kwenye visigino, lakini kicheko kile hakuwa amekisikia tangu mwaka jana, akatamani akose majina ya spana zote nne.

"Haya, nimeishika malaya," alisema Zita. "Nifanye nini?"

"Kaza meno yake kwenye nati kubwa ya ndani. Halafu vuta mpini wa spana kuelekea ziwani."

Watu wa mwambao ule hawana kushoto wala kulia. Wana ziwani na mlimani, na mtoto wa miaka mitatu hakosei.

"Nimevuta. Haikubali."

"Vuta zaidi."

"Haikubali, Thadei."

"Nati hizi nimefungua miaka thelathini. Ongeza nguvu."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha ukuta ukalia. Thadei aliijua sauti ile, aliisikia kwa mgongo: bomba linajisokota ndani ya plasta. Likikatika humo, ni kuvunja ukuta, na maji yote yaliyobaki tangini yatamwagika kitandani kwa mama mkwe. Hapohapo spana iliteleza, chuma kikagonga vigae.

"Damu hiyo," alisema Mama Hedwiga.

Thadei alisimama, magoti yasipate hata nafasi ya kulalamika. "Umeumia?"

"Vidole. Kidogo."

Alibaki ameushika ukuta kwa viganja vyote viwili. Swali lililomjia hakuwahi kumuuliza mtu tangu aanze ufundi, kwa sababu kila mara aliyesimama mbele ya nati alikuwa yeye mwenyewe.

"Zita. Mpini wa spana umeelekea wapi? Juu au chini?"

"Chini. Juu kuna bomba, mkono haupiti."

Mpini ukiwa juu, kuvuta ziwani ni kufungua. Ukiwa chini, ni kukaza. Alikuwa amemwamuru akaze kile alichotaka kifunguke, na alipoambiwa hakikubali, akaagiza nguvu.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikukuuliza umesimamaje."

Ndani maji yalisikika yakidondoka.

"Hujawahi kuniuliza," alisema Zita. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetua mzigo ili abadilishe bega.

Thadei alikaa tena kwenye ndoo. "Funga kidole kwanza. Halafu vuta mlimani, polepole. Ukichoka, pumzika, mimi sina pa kwenda."

Nati ililegea mara ya tatu. Maji ya robo iliyobaki yaliruka, Zita akapiga yowe, Mama Hedwiga akamtaka mtu amwambie mkwe kwamba yeye alishaoga asubuhi. Moyo wa koki ukatoka.

"Ile raba ya mwisho ikoje?"

"Imeliwa upande mmoja, kama muhogo uliopitiwa na panya."

"Ing'oe, weka mpya kutoka kwenye kibati kilichomo mkobani. Kisha ingiza kidole kwenye tundu, pale raba inapokaa. Unasikia nini?"

"Kuna mkwaruzo."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama ukucha."

"Basi raba mpya peke yake haitatosha. Kunja kipande cha msasa, kizungushe humo na kidole mpaka pawe laini. Itachukua muda. Mkono unauma?"

"Unauma. Naendelea."

Msasa ukaanza kukwaruza, sauti ndogo ya kuchosha. Thadei alitazama milima alikotoka asubuhi. Alikuwa amechoka hivi kwamba hata usingizi ungemwona mzigo. Kwa kawaida ndiyo saa ambayo mdomo wake hufungwa.

"Yule nguruwe," alisema. "Alikufa na nini?"

Msasa ulisimama. "Kumbe ulisikia?"

"Nilisikia. Sikuwa na nguvu ya kujibu."

"Na mimi sikuwa na nguvu ya kurudia." Msasa ukaanza tena. "Alivimba tumbo tangu asubuhi. Nilikupigia mara tatu, ulikuwa chini ya sinki la mtu. Nikachimba shimo peke yangu, kule nyuma ya kahawa. Udongo ule una mawe, Thadei. Jua likazama sijamaliza. Nikanawa, nikapika, ukaja ukala."

Lile neno lake fupi lilimfika ulimini, akalimeza. "Shimo ulilichimba na jembe gani?"

"Lile lililovunjika mpini."

"Ukawa unashikaje?"

Akamweleza anavyoshika. Akaeleza na mengine: mguu wa mama, miche ya kahawa iliyoungua na baridi, jinsi nyumba inavyokuwa kubwa saa kumi jioni. Alieleza bila haraka na bila machozi, akizungusha kidole, na Thadei aliuliza pale aliposhindwa kuelewa, na pengine hata alipoelewa. Mama Hedwiga hakutuma salamu yoyote. Huenda alisinzia, huenda alikuwa na adabu.

"Pamekuwa laini," alisema Zita mwishowe.

Wakafunga tepu ya kuzuia maji kwenye nyuzi za koki, mizunguko mitano, Thadei akiuliza kila mara mpini uko wapi, vidole vikoje. Nati ikarudi, mpini ukarudi. Thadei akaenda kwenye tangi, akafungua.

"Inadondoka?"

"Haidondoki."

Wakangoja.

"Bado haidondoki."

Kitanda kililia, nyayo nzito zikaenda mlangoni. "Mwambie mkwe ahsante," alisema Mama Hedwiga. "Na mwambie mimi naenda jikoni kumtazama samaki wangu, yule mbasa, asiungue. Kama ana neno lolote, jikoni hakusikiki."

Thadei aliyatafuta maneno yake matatu. Yalikuwepo, yamekauka njiani, na alipoyageuza mdomoni aliona yanafanana sana na ile amri yake ya kuvuta kuelekea ziwani.

"Zita," alisema kwenye matundu. "Wewe ungependa tufanyeje?"

Alisikika akikusanya spana, moja moja.

"Leo sirudi. Nimechoka, vidole vinauma, na kesho tunaanika usipa."

"Sawa. Na baada ya usipa?"

"Jumatatu."

"Nije kukuchukua?"

"Njoo."

"Na pikipiki, au nitafute gari? Una mizigo?"

"Mfuko mmoja na kuku wawili."

"Kuku hao ni wa—"

"Thadei! Mengine utauliza Jumatatu."

Zita alizunguka nyumba na mkoba begani, kidole kimefungwa kipande cha khanga, nguo imelowa mpaka kiunoni. Akautua mkoba miguuni pa mumewe, akatafuta pa kukaa, asipaone. Thadei alisogea kwenye ukingo wa ndoo. Zita aliketi upande uliobaki, mgongo ukutani, akafumba macho. Mwenye pikipiki, aliyekuwa akimngoja Thadei amrudishe, alipiga honi huko barabarani, akapiga tena. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusimama.