Alichoitikia Enesi

Enesi alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mtoto, na tumbo lilikuwa limemvimba kiasi kwamba wageni pale Vwawa walimpongeza. Kila mwezi alitokwa damu mpaka anaona kizunguzungu katikati ya mibuni. Hospitali ya Mbeya walimwambia bila kuzunguka: ndani kuna uvimbe mkubwa, na dawa yake ni kutoa kizazi chote.

Aliporudi nyumbani hakumweleza mtu, hata mumewe Asajile. Angeanzia wapi? Mama mkwe wake, bibi Loisi, mpaka siku hiyo alikuwa bado anamchemshia mizizi.

Wa kumwambia akawa wifi yake, Ketrina, aliyeolewa Nakonde, upande wa Zambia, na aliyekuwa akiuza mchele pande zote mbili za mpaka.

"Wifi, usikubali," Ketrina alisema. "Kwetu kule kuna daktari anatoa uvimbe peke yake, kizazi anakiacha. Jirani yangu alitolewa, leo ana mapacha."

Neno lile lilimwingia Enesi kama maji kwenye udongo mkavu. Akamuaga mumewe kuwa anakwenda kumsaidia wifi yake biashara, akavuka Tunduma kwa miguu katikati ya malori, na kesho yake wakapanda basi la kwenda mbele zaidi, hadi kwenye kliniki yenye ukuta wa bluu.

Daktari alikuwa mpole. Alimwita "mayo", yaani mama, na Enesi akainamisha macho. Kisha akaanza kueleza kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiingereza, maelezo marefu, mikono yake ikichora duara hewani, halafu ikikata. Enesi alijua Kinyiha na Kiswahili. Akamtazama Ketrina.

"Anasemaje?"

"Anasema atautoa wote."

"Wote nini?"

"Uvimbe, wifi. Anauliza kama umekubali."

Maelezo yale yote marefu, na tafsiri fupi hivyo? Lakini daktari alikuwa anasubiri, na kuuliza tena aliona ni kama kumdharau wifi yake. Akaitikia kwa kichwa.

Alipozinduka, tumbo lilikuwa limeshuka na kuna mshono unaowaka moto. "Wamesafisha vizuri," Ketrina alimwambia. Daktari alipopita, Enesi alimuuliza kwa Kiswahili, "Kizazi kipo?" Daktari akatabasamu, akampigapiga begani, akasema neno ambalo Enesi hakulielewa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nyumbani siri haikukaa. Mume hafichwi mshono, na Ketrina alikwishampelekea mama yake habari njema. Bibi Loisi alichinja kuku. Asajile alinuna kidogo kwa kudanganywa, kisha akaanza kupiga mluzi akienda shambani.

Damu haikurudi. Mwezi wa kwanza Enesi alishukuru. Wa pili, bibi Loisi akamtazama tumbo na kucheka kwa siri. Wa tatu, Enesi mwenyewe alianza kuhisi kichefuchefu asubuhi, akawa hajui ni mimba, ni ugonjwa, au ni kicheko cha mama mkwe kilichomwingia mwilini. Alikuwa anaota mtoto, akiamka anagusa kovu.

Mwishowe alikwenda hospitali ya wilaya. Daktari, mama wa makamo, alipitisha kipimo tumboni, akapitisha tena.

"Dada, nani alikwambia una mimba? Kizazi hakipo. Kilitolewa."

Enesi alikwenda moja kwa moja Nakonde. Alimkuta Ketrina anapima mchele.

"Daktari yule alisema nini siku ile? Niambie neno kwa neno."

Ketrina aliweka kopo chini. "Kiingereza kilikuwa kingi, wifi. Alisema atatoa. Nilisikia uvimbe." Akaokota punje zilizomwagika. "Au nilitaka kusikia hivyo. Mungu anajua, mimi sijui."

"Na jirani yako mwenye mapacha?"

"Mapacha anao. Ila alitolewa nini... sikumuuliza."

Enesi alitaka kumpiga, akajikuta amemshika mkono, wote wawili wanalia mbele ya wateja.

Aliporudi nyumbani, Enesi alimkuta Asajile kwenye meza za kuanikia kahawa. Alimwambia yote, tangu Mbeya. Asajile aliendelea kuchambua punje mbovu muda mrefu.

"Kwa hiyo hutatokwa damu tena?"

"Sitatokwa."

"Hutakufa?"

"Siyo kwa hilo."

Akatikisa kichwa, na Enesi hakuweza kujua kama ni kwa shukrani au kwa kukata tamaa. Labda naye hakujua. "Mama nitamwambia mimi," alisema.

Msimu ule Enesi alichuma kahawa kutwa nzima bila kuona kizunguzungu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nguvu zilimrudia, na alizichukia, na alizifurahia. Mbeya wangemtoa kitu kilekile, ila wao walimwambia. Amkasirikie nani: daktari mpole, wifi yake, au kichwa chake mwenyewe kilichoitikia? Alijaza kikapu, akakimwaga kwenye gunia, akarudi mtini.