Sauti ya Sanduku

Kosa la Marhoon lilikuwa moja tu, lakini kubwa. Mwaka 1964, walipokuwa wanaondoka Unguja mbiombio, mkewe Mahbuba alimwambia achukue sanduku la buluu lililo uvunguni. Uvunguni mlikuwa na masanduku mawili ya buluu. Akanyanyua moja, akatoka nalo bila kuchungulia ndani. Mwanamume gani huyo! Walipolifungua Darsait, huko Omani, badala ya nguo za harusi za Mahbuba na picha pekee ya marehemu mamake, zikatoka sahani arubaini za santuri, zote nyimbo za makauboi wa Marekani, mali ya mteja wa Marhoon aliyeziacha akingoja santuri yake itengenezwe.

Mahbuba hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa chini, akajifunika buibui usoni, akalia mpaka magharibi. Kisha akasema, "Baba Aflah, nyimbo hizo mie sitozisikiliza mpaka naingia kaburini." Toka siku ile akawa anamsemesha mumewe khabari za chumvi na maji, basi. Marhoon akabaki na haja moja duniani: siku moja mkewe amwambie yamekwisha.

Mtu mwengine angezitupa sahani zile. Marhoon alikuwa fundi, na kutupa kitu hakujui. Asubuhi akitengeneza cherehani sokoni Matrah. Alasiri akiunganisha santuri kuukuu na kipaza sauti kwenye betri ya gari. Akapitisha waya juu ya mapaa ya jirani, akaipa kila nyumba spika ndogo ya kutundika ukutani, zote kumi na mbili. Sauti ilibidi iwe ya chini, maana siku hizo muziki wa kusikika njiani ulikuwa marufuku, kujitafutia balaa. Majirani, wote watu wa Unguja, wakaiita Sauti ya Sanduku. Mahbuba aliposikia jina hilo alilibamiza dirisha la jiko.

Kiingereza cha Marhoon kilikuwa cha kuombea maji, lakini hakuna kauboi aliyemshinda kumfasiri. "Huyu, jamani, farasi wake kafa. Huyu wa pili farasi mzima, mke ndiye kakimbia." Bi Kheiria wa nyumba ya pili akimlilia farasi machozi khasa.

Ila tuseme kweli, watu walichokingojea ni salamu. Walileta vikaratasi, na Marhoon akiyasoma majina nyumba kwa nyumba, na ole wake amruke mtu. Mwaka 1967 alimruka Bi Sayyida. Bi Sayyida akapanda juu ya paa lake na mkasi, akaukata waya, akauanikia nguo wiki nzima! Mtaa ukawa kimya kama una msiba, mpaka Marhoon alipokwenda kumwomba radhi na bakuli la halua. Hakumruka mtu tena. Na mwisho wa orodha, kila siku ya Mungu, alisema maneno yale yale: "Na salamu za mwisho ni za Mama Aflah, ambaye hatusikilizi."

Tena toka wiki ile ya mkasi Bi Kheiria akaanza tabia ya kwenda jikoni kwa Mahbuba kila alasiri, ati kumsaidia kuchambua mchele. Alitoka macho mekundu. "Vitunguu," akisema.

Mwaka 1970 redio ya serikali ikaanza. Haya tena! Watu wakanunua redio za transista, wakazipandisha sauti mpaka nje na hapana wa kuwauliza. Nani atamtaka kauboi wa kukwaruza? Spika zikarudi moja moja, kwa maneno matamu na visahani vya kashata. Zikarudi kumi na moja. "Yangu nilimpa mtu zamani," alisema Bi Kheiria, akaondoka upesi.

Alasiri ya Ijumaa Marhoon akaketi mbele ya kipaza sauti, aage. Anamuaga nani, hajui. Akapiga wimbo wa farasi, akasoma majina yote, hata la Bi Sayyida akalisoma mara mbili. Alipofika kwenye salamu za mwisho, akaziacha. Miaka sita anamtumia salamu mtu asiyesikia. Leo hata wa kumfikishia hapana. Akaizima mashine, akainamisha kichwa. Roho ilimuuma.

Mlango ukagongwa kwa mwiko. Ni Mahbuba, unga mpaka viwikoni.

"Na zangu?"

"Zako nini?"

"Salamu zangu! Sayyida mara mbili, mie hata moja? Leo nimekukosea nini, Baba Aflah?"

Marhoon akaachama. "Umesikiaje wewe?"

"Nna spika ya Kheiria, imo ndani ya pipa la mchele. Toka Sayyida alipokata waya. Wiki ile nilifungua dirisha kila alasiri nisikilize kwa jirani, nisisikie jina langu. Nikaona unyonge." Akajifuta jicho, unga ukamganda shavuni. "Picha ya mama hairudi, na itaniuma mpaka kufa kwangu. Lakini hukukusudia. Yamekwisha. Washa mashine yako."

Marhoon akawasha. Akashika kipaza sauti, akamwangalia mkewe usoni, akafumbua mdomo.

"Subiri!" alisema Mahbuba, keshageuka anakimbia. "Subiri kwanza nifike jikoni."