Mafiga ya Kaburini

Jumbe hakuiba, aliokota. Ndivyo alivyojitetea, na tumsikilize. Mkewe Biubwa alikuwa anapika pilau ya arobaini ya mama yake aliyefia Tanga, na sufuria ya watu sitini haikai juu ya jiko la umeme la chumba cha kupanga mtaa wa Bellevue. Pilau hiyo inataka kuni, na kuni zinataka mafiga. Johannesburg nzima imejaa saruji, lakini mafiga utayapata wapi? Basi Jumbe akaondoka na pikapu yake mpaka kilima kimoja kusini mwa jiji, akapanda, akakuta kileleni lundo la mawe meusi, magumu, yanayokaribiana ukubwa. Akachagua matatu, maana figa moja haliinjiki chungu.

Pilau ikaiva, hitima ikasomwa. Wakati wa kula akaingia Gustave, jirani yao Mrundi, ambaye ni mlinzi wa hifadhi ya kilima kile kile. Alipoyaona mafiga uani, akaweka sahani chini bila kuonja.

"Eish, ndugu," alisema. "Ile lundo ya kilimani ni kaburi. Ya watu ba zamani sana."

Jumbe akacheka, kisha akamwona mkewe, akaacha. Biubwa hakuwa amelia tangu ile simu ya Tanga. Siku ile alitaka kusafiri, na Jumbe akamkumbusha kuwa kibali chake kimekwisha, akitoka harudi. Alipong'ang'ania, Jumbe akaongeza neno ambalo tangu hapo analijutia: kwamba hata akifika haitasaidia kitu, wanawake hawaendi mazikoni, udongo watautia wanaume. Toka siku hiyo Biubwa alipika, akafua, akaitikia salamu, na mumewe akawa kama mpangaji mwenzake tu. Sasa Biubwa akasema mawe yarudishwe kesho asubuhi, na yeye atakwenda.

Wakapanda, Gustave mbele, Jumbe nyuma akihema na gunia begani. Juzi alipofika pale aliona mawe basi. Leo Gustave akawaonyesha jinsi mwamba wa kilima chenyewe ulivyo mwekundu kama kutu, na kwamba mawe meusi yako kijitoni tu, chini kabisa bondeni. Nani kalala pale hakuna ajuaye, wala lugha yake, wala ni karne ngapi zimepita. Kinachojulikana ni kuwa kila jiwe lilipandishwa na mtu, kwa mikono yake, mteremko ule ule uliowatoa wao jasho.

Jumbe akajaribu kuyahesabu, akafika mia mbili, akashindwa. Aliona kama mazishi yale hayajatawanyika, watu wote wale wangali wamesimama, kila mmoja na jiwe lake, na yeye alikuwa amewachukua watatu kwenda kupikia pilau. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Akayafuta masizi kwa kanzu yake, moja baada ya jingine, akayarudisha.

Biubwa akamuuliza Gustave jambo moja tu: kama katika wale waliobeba walikuwamo wanawake.

Gustave akalitazama lundo. Akasema yeye hajui, lakini mawe ni mengi mno kwa wanaume peke yao.

Biubwa akageuka, akateremka bila kuaga. Walimngoja karibu saa nzima. Jumbe aliiona kanga yake ikiinama kijitoni, kisha ikianza kupanda polepole, na juu ya kichwa jiwe kubwa kuliko yote aliyoyachukua yeye. Akamkimbilia kumpokea.

"Acha," Biubwa akasema. "Hili la mama."

Akaacha. Akamfuata nyuma mikono mitupu, akiteleza kila anapomwona akiteleza. Hajapata kupanda njia ndefu kama ile, na asubuhi alikuwa ameipanda na gunia.

Kileleni Biubwa akasimama mbele ya lile lundo, jiwe bado kichwani. Alilitaja jina la mama yake. Kisha yale machozi ya siku arobaini yakaja yote kwa pamoja, akalia kwa sauti, na mikono ikakosa nguvu ya kulishusha.

"Shika huko, Jumbe," alisema. "Na wewe alikuwa mama yako."

Jumbe akashika, wakaliteremsha pamoja.