Vichwa Vilivyobaki Mwambani

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, ila samaki mwenye kichwa hakumtaka jikoni kwake. "Macho yake yananitazama kama mama mkwe," alikuwa akisema, hata mbele ya wifi yake. Wifi alicheka tu, na akivua huko kwenye miamba alikata vichwa hukohuko. Sheria ya nyumba ni sheria, bwana.

Leo sheria hiyo imemtokea fundi puani. Binti yake alikula kisamaki cha kukaanga chenye pilipili, akatapika, akalia kwamba midomo inamwasha. Mumewe akamkimbiza mtoto zahanati. Huko daktari akampigia fundi simu na swali moja: samaki gani? Kama ni bunju, sumu yake hutia midomo ganzi kisha hukata pumzi, na mtoto apelekwe sasa hivi hospitali yenye mashine ya kupumulia.

"Vidogo, havina magamba, vinateleza," alisema wifi.

"Bunju naye hana magamba. Kichwa kilikuwaje?" aliuliza daktari.

"Sikuangalia. Nilikata nikatupa, kama unavyotaka," wifi akamgeukia fundi.

Wakatoka mbio kwenda miambani kutafuta vichwa. Njia nzima fundi alimtolea wifi yake maneno: mzembe, huna akili, ungekuwa na wako ungeona uchungu. Wifi alikimbia tu mbele yake, mkono mdomoni.

Maji yalikuwa yanapanda. Fundi akapiga magoti juu ya mwamba, simu ya daktari ikiwa kwenye spika pembeni. Vichwa vinne vilipatikana kwenye ufa, kaa wameshaanza kuvidonoa.

"Tazama meno," alisema daktari. "Bunju ana meno manne makubwa, kama mdomo wa kasuku."

"Nimshike mimi?"

"Mshike, mama. Haraka."

Akamshika. Macho yale yakamtazama, naye akafungua mdomo kwa kidole gumba. Meno madogo madogo, yamepangana kama kitana. Juu ya macho, vinyuzi viwili kama nyusi. Akamweleza daktari. Wa pili vilevile, wa tatu, wa nne.

"Wote ni hao?" aliuliza daktari.

"Walikuwa watano," alisema wifi.

Wimbi likapita juu ya ufa. Fundi akatumbukiza mkono hadi begani, akipapasa bila kuona, akimwomba Mungu kwa maneno yasiyopangika. Akatoka na kichwa cha tano. Kitana. Nyusi.

"Basi si bunju," alisema daktari. "Hao hawana sumu. Itakuwa pilipili na tumbo tu, ila tutabaki naye hapa."

Fundi akakaa majini na gauni lake, akalia. Alipoinua uso alimwona wifi amekaa pembeni, anajifinya midomo kwa vidole, taratibu, kama anayeitafuta.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama bado ninaisikia," alisema wifi. "Mtoto alikula mmoja. Wanne nilikula mimi."