Chumba cha Rangi ya Papai

Kaka mtu alikuwa fundi wa friji, na friji zilizomshinda hakuzitupa. Alizipanga. Zilianzia sebuleni, zikaingia koridoni, na sasa mtu akitaka kwenda msalani ilimbidi apite kiubavuubavu kama kaa, huku akiomba radhi kila anapogusa mlango usio na kitasa. Ukimuuliza ni za nini, anajibu, "Hizi ni spea," kwa sauti ya mtu anayekutajia mashamba yake.

Chumba cha uani tu ndicho kilichokuwa kimenusurika, kwa sababu humo alikaa dada yake na cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Viraka. Alikuwa na kibanda chake sokoni mpaka siku soko lilipovunjwa. Akatoka na cherehani kichwani na gunia la mabaki ya vitambaa mgongoni, akabisha hodi kwa kaka yake, akasema, "Nimepita kukusalimia." Salamu hiyo ilikuwa bado haijaisha.

Kazi yake ilikuwa mablanketi ya viraka. Unaokota vipande ambavyo mafundi wa nguo wamevifagia chini ya meza, unavipanga rangi kwa rangi, unaviunga viwe kitambaa kimoja cha juu, unaweka shuka zito katikati na kitambaa kingine chini, kisha unashona tabaka zote tatu pamoja mpaka vidole viombe likizo. Kaka aliiona kazi hiyo kama uchuuzi wa taka.

"Dada yangu," alimwambia siku moja wakati wa kula, "hivyo vitambaa vilikataliwa na wenyewe. Wewe umevipa chumba kizima. Spea zangu zinalala koridoni."

"Spea zako hazilali, kaka. Zilishafariki. Ni wewe tu hujaambiwa."

Mke wa kaka akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Kaka hakucheka. Alisema maonyesho ya mablanketi yanakuja, yale yanayofanyika kila mwaka kwenye ukumbi mkubwa, na kila mwaka dada yake hupeleka blanketi na kurudi nalo.

"Sasa tuelewane mbele ya shahidi. Likitundikwa safari hii, chumba ni chako, sitakigusa tena. Likirudi chini ya kwapa, friji zinaingia siku hiyohiyo na wewe utalala na watoto."

"Wifi, umesikia?" Mama Viraka akauliza.

"Nimesikia," mke wa kaka akajibu. "Mimi nataka korido yangu. Lakini wewe nakupenda. Msiniulize tena."

Basi Mama Viraka akajifungia kazini. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kushona, lilikuwa kupaka rangi. Alisema haiwezekani mtu abuni kitu kizuri huku akitazamana na kuta zenye rangi ya uji uliopoa. Jirani mmoja, fundi wa kupaka rangi, alikuwa amebakiwa na ndoo za rangi aliyochanganya kwa ajili ya shule ya watoto wadogo, nyangavu kama papai lililoiva mpaka linaomba kukatwa. Mama Viraka akazichukua. Akapaka kuta zote, akapaka dari, akapaka na mlango kwa ndani, na rangi ilipobaki akaipa stuli. Taa nayo ilikuwa ya manjano. Ukiingia humo ulihisi umemezwa na tunda.

"Wifi," mke wa kaka alisema mlangoni, amekinga macho kwa kiganja, "humu mtu anaweza kuota nyuki."

"Ndiyo raha yenyewe. Humu sina huzuni hata nikitaka."

Akachagua mtindo wa vibanda. Huu ni mtindo usio na huruma. Katikati unaweka mraba mdogo mwekundu, kama moto jikoni. Halafu unauzungushia vipande virefu vyembamba, nusu moja ya mraba vyeupe na vyeupe-vyeupe, nusu nyingine vyeusi. Miraba mingi ya namna hiyo ikikaa pamoja, weupe unakutana na weupe, weusi na weusi, na mtu akisimama mbali anaona mistari mikubwa ya mwanga na kivuli inayokata blanketi kama jua linalopita kwenye mwanya wa bati. Weupe ukichafuka, hakuna mistari, hakuna jua, kuna fujo tu iliyoshonwa vizuri.

Akamwaga gunia sakafuni, akatenga chungu mbili, vyeupe huku, vyeusi kule. Mvua zilikuwa zinanyesha, dirisha limefungwa, taa inawaka. Akabandika vipande kwa pini kwenye ukuta wa papai, akarudi nyuma, akafinya macho, akabadilisha, akarudi nyuma tena. Mraba mwekundu aliufua na kuufua kwa maji ya chumvi mpaka ukaacha kutoa rangi, kwani alishawahi kuumizwa na kitambaa chekundu na hakutaka kujuana nacho zaidi. Blanketi lilipokwisha, wifi yake aliingia akalitazama, akapitisha kiganja juu yake.

"Hili safari hii watalitundika," akasema.

Siku ya ukaguzi, asubuhi, Mama Viraka aliliviringisha ndani ya shuka safi, akalibeba mpaka ukumbini. Ukumbi ulikuwa mkubwa, mweupe kuanzia dari hadi chini ya kuta, na madirisha marefu yaliyoachia mchana uingie wote bila kubisha hodi. Mkaguzi alikuwa mwenyekiti wa mafundi wa viraka, mama mrefu aliyening'iniza miwani kifuani na asiyetembea bila rula. Kila mtu alimwita Bi Rula, hata yeye mwenyewe alipojisahau.

"Shikamoo, Bi Rula."

"Marahaba. Fungua tuone."

Mama Viraka akalifungua juu ya meza, na mikono yake ikasimama hewani. Ule upande mweupe haukuwa mweupe. Ulikuwa na vipande vyeupe, na katikati yake, popote palipovipendeza vyenyewe, vipande vya manjano. Manjano ya kiini cha yai. Hakukuwa na mistari ya mwanga. Palikuwa na madoadoa.

Kwenye meza ya pili alikuwepo fundi wa mapazia, mwanamke ambaye naye alileta blanketi na jina lake ndilo lililofuata kwenye orodha ya kusubiri nafasi ya ukutani. Akanyoosha shingo.

"Mama Viraka, mwenzangu, limepatwa na tetekuwanga?"

"Tetekuwanga inapona, shoga. Mapazia yako yalizaliwa hivyo."

Bi Rula aliweka rula kwenye pindo, akapima pembe, akatazama mishono, akavua miwani.

"Mshono hauna neno. Pembe zimenyooka. Ila huu ni mtindo wa mwanga na kivuli, na mwanga wako una upele. Siwezi kulitundika. Njoo mwakani."

"Mwakani friji zitakuwa zimelala kwangu."

"Nini?"

"Hakuna kitu, Bi Rula."

Akalibeba blanketi akatoka nalo hadi kwenye ngazi za nje, akaketi. Kutoka kwenye mkoba akatoa vipande vilivyobaki vya ile chungu ya vyeupe, akavilaza pajani juani. Kimoja cheupe. Kingine cha manjano. Kingine cha manjano. Alivishika mkononi siku zote hizo akidhani ni ndugu wa tumbo moja. Akakumbuka jinsi kanga yake nyeupe ilivyokuwa inaonekana humo ndani kama imemwagiwa mchuzi, na yeye akaona ni uzuri wa chumba. Kuta zilikuwa zinatema umanjano juu ya kila kitu, nyeupe inakuwa manjano, manjano inabaki manjano, na yeye katikati anapanga kwa kujiamini kama hakimu kipofu.

Alijicheka kidogo, kupitia puani. Watu waliovunjiwa kibanda mbele ya macho yao hawalii upesi kwa ajili ya rangi. Kufumua lote hakuwezekani, hilo lilikuwa wazi. Vyeupe havingeweza kugeuka kuwa vya manjano, wala vya manjano kuwa vyeupe. Akatazama vile vipande viwili pajani tena. Ama vingeweza kukutana njiani?

Akarudi ndani.

"Bi Rula, mnafunga ukaguzi saa ngapi?"

"Wageni wanaingia saa tisa. Mpaka hapo kuna nafasi moja, ule ukuta wa dirishani. Lakini kufumua hutawahi."

"Sifumui. Nalipeleka jikoni."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na jiko, na mama mmoja aliyekuwa anatayarisha chai ya wageni. Alikuwa amemaliza kuchuja birika la kwanza na anataka kumwaga majani.

"Usimwage, mama yangu! Nipe yote. Na sufuria kubwa ya kuazima, na beseni."

"Unataka kunywa au kuoga?"

"Nataka kulikogesha hili."

Mama wa chai alilitazama blanketi, akamtazama mwenyewe, akasogeza sufuria. "Mimi sijakuona," akasema, na akaongeza majani mapya bila kuombwa.

Mama Viraka akachemsha chai mpaka ikawa nyeusi, akaichuja, akaiacha ipoe hadi uvuguvugu, kwani ya moto ingeutoa damu ule mraba mwekundu. Kwanza akachovya vile vipande viwili. Cheupe kikatoka na rangi ya asali nyepesi. Cha manjano kikapoteza kelele zake, kikawa asali iliyokolea. Sasa vilifanana kama mtu na mdogo wake. Akalilowesha blanketi zima kwa maji safi ili chai isishike sehemu moja ikaacha nyingine, akalizamisha, na tangu hapo hakuliondolea mkono. Kugeuza, kukamua, kugeuza. Fundi wa mapazia alikuja mlangoni, akaangalia, akaenda kuwaambia wenzake kwamba Mama Viraka amechanganyikiwa, anapika blanketi.

Alipolisuuza na kulitandaza uani juu ya lile shuka, jua lilikuwa utosini na blanketi lilikuwa linavuja kama paa bovu. Rangi ilikuwa imekubali, isipokuwa pembe moja iliyokuwa nyeusi kuliko nyingine. Alikuwa amepiga magoti akilikandamiza kwa taulo kaka yake alipotokea getini, amevaa ovaroli, akisukuma mkokoteni wake wa vifaa.

"Nimepita kukupokea," alisema kwa furaha. "Friji ya kwanza nimeshaiingiza. Nikaona kwa nini nisubiri?"

"Saa tisa haijafika, kaka."

"Na hili limekuwaje? Limetumbukia?"

Kabla hajajibiwa, fundi wa mapazia akacheka kutoka kwenye kivuli. "Mchukue dada yako, fundi. Hakuna ubaya kuokota matambara, ubaya ni kuyaleta mbele za watu. Labda ni ya ukoo."

Kaka akageuka polepole. Alikuwa amemcheka dada yake tangu hajaota meno, na alikusudia kuendelea. Lakini kazi hiyo alikuwa hajampa mtu mwingine.

"Samahani, mama," alisema. "Wewe ulizaliwa kwetu mwaka gani? Maana sikumbuki kukubeba."

Akamgeukia dada yake. "Linatakiwa likauke?"

"Ndiyo."

"Likikauka, chumba ninakosa."

"Ndiyo, kaka."

"Na friji nilishaiingiza. Nzito ile!" Akapiga ulimi. Akainama kwenye mkokoteni akatoa kile kipulizio anachotolea vumbi nyuma ya friji, akakichomeka kwenye umeme wa jiko. "Shika pembe huko. Usinitazame. Shika pembe."

Yeye akapuliza, dada akafuata na pasi ya ukumbini, kipande kwa kipande, mvuke unawapanda usoni, mama wa chai anapita na vikombe akisema hajaona mtu. Hawakuzungumza, ila mara mojamoja kaka aliuliza, "Hapa?" na dada akajibu, "Bado."

Bi Rula alikuja na rula yake wageni walipokuwa wameanza kukusanyika nje ya geti. Alilishika, akalinusa.

"Linanuka chai."

"Wageni wanapewa chai, Bi Rula. Nani atajua?"

Akaamuru linyanyuliwe. Kaka akashika pembe moja, Mama Viraka nyingine, wakanyoosha mikono. Bi Rula akarudi nyuma hadi ukutani, akafinya macho. Mistari ilikuwepo. Haikuwa jua la adhuhuri alilolikusudia Mama Viraka, ilikuwa ya mwanga uliokomaa, unaopita juu ya kivuli kwa mteremko, na ule mraba mwekundu unawaka kila kibandani.

"Hii pembe imekolea kuzidi."

"Nimeiona. Inabaki."

"Kwa ukuta mkubwa, hapana," Bi Rula akasema. "Ukuta wa dirishani, tundikeni. Na unyooshe upande wa kushoto, fundi, unanipindishia."

"Mimi si fundi wa hivi," kaka akasema, akinyoosha.

Jioni hiyo wifi alikuta wawili hao kwenye chumba cha uani, mmoja mbele ya friji, mmoja nyuma, wote wanahema.

"Inaingia au inatoka?" akauliza.

"Inatoka," kaka akasema. "Usiulize kingine."

"Inatoka kwenda wapi? Korido imejaa!"

"Nje," Mama Viraka akajibu kwa niaba yake. "Kwa mnunua vyuma. Tumeelewana njiani, nusu ya hizi zinakwenda naye."

"Robo," kaka akasema.

"Nusu. Nyanyua."

Akanyanyua. Walipofika mlangoni alitua mzigo, akageuza macho kwenye kuta, akayafinya. "Na hii rangi nayo? Utaifuta?"

"Ukuta mmoja tu, kaka, huu ninaobandikia vipande. Kesho naupaka nyeupe na dirisha nalifungua. Zilizobaki ni zangu. Haya, shika chini, usije ukaniangushia mguuni."

Wakaendelea kuitoa friji, Mama Viraka akitangulia kinyumenyume, akitoa amri.