Ukurasa wa Dawa

"Nani amebadilisha ukurasa huu?"

Kidato cha Pili kilitulia kama maji ya mtungi. Mwalimu Bertha alikuwa anauliza mara ya tatu. Pembeni yake alisimama mkuu wa shule, Mwalimu Anselm, mikono nyuma, ameshaamua.

Mama yake Happiness, mmoja wa wanafunzi hao, alilazwa jana. Tumbo lilimkata, akafungua tovuti ya darasa la mwanawe kwenye simu, akachemsha majani yaliyoandikwa humo, akanywa. Mshambaa, mwenyeji wa milima hii, angejua kwamba majani yale ni ya kupaka vidonda, lakini yeye alikuja na kazi ya chai kutoka Iringa. Mpaka asubuhi hii alikuwa bado kwenye dripu.

Na Bertha alivyojigamba kwa tovuti hiyo! Waulizeni bibi zenu dawa za miti, muandike. Mmoja akikosea, mwingine arekebishe. Na tovuti haisahau nani kaandika nini.

"Majani hayo aliandika Paskalina," alisema mkuu. "Funga begi. Utarudi na mzazi wako, na tovuti inafungwa leo."

"Mimi niliandika kupaka, mkuu," alisema Paskalina, macho chini.

"Basi kunywa aliandika nani? Jini?"

Bertha aliinamia kompyuta, akafungua orodha ya mabadiliko. Projekta ilikuwa bado haijaunganishwa, kwa hiyo aliona peke yake. Jumapili, saa kumi jioni. Mwalimu Bertha: nimepanga orodha upya.

Akakumbuka. Alitoka kanisani, akachukizwa na orodha mbili fupi fupi, ya kupaka na ya kunywa, akaziunganisha chini ya kichwa kimoja, Dawa za Kunywa, akaenda kupika makande. Nyani haoni kundule. Bertha ndiyo kwanza alikuwa ameliona lake.

Angeweza kufunga kompyuta. Mtandao wa milimani ungebeba lawama, umeshabeba nyingi. Kazi ingebaki, heshima ingebaki. Paskalina alikuwa anaingiza daftari la mwisho kwenye begi.

Bertha alichomeka waya wa projekta. Jina lake likajaa ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Kaa, Paskalina."

Mkuu alikohoa. "Mwalimu, haya tungeyaongelea ofisini."

Bertha hakumsikia. Alikuwa anamtazama Paskalina, ambaye wala hakushangaa.

"Kumbe ulishaona?"

"Niliona Jumatatu, mwalimu."

"Sasa mbona hukurudisha? Si niliwaambia kila mtu anarekebisha?"

Mtoto alipiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Uliandika wewe, mwalimu. Mimi nitamsahihishaje mwalimu?"

Hivyo ndivyo Bertha alivyowafundisha yeye mwenyewe, kwa mdomo na kwa fimbo, miaka yote kabla ya tovuti. Aliona aibu zaidi kuliko alivyoona kwa jina lile ukutani.

Aliinuka, akamsogezea kiti chake.

"Njoo urekebishe."

Paskalina hakusogea. Alimtazama mkuu kwanza.